Darubini ya watoto: usinunue namba ya kwenye katoni

KONA YA MWALIMU



Swali la juma hili limetoka kwa kikundi kimoja cha akiba, moja ya zile AVEC zetu za hapa Mubi. Kikundi hicho kina darubini ndogo ya kutazamia mwezi na nyota, ile ya mrija mrefu mwembamba wenye kioo mbele. Ndugu wa mmoja wao aliwaletea watoto kutoka Goma. Ilikuja na vioo viwili vidogo vya kuwekea jicho: kimoja kimeandikwa 20 mm, kingine 4 mm. Kile cha 20 kilianguka kwenye sima kikapasuka. Tangu siku ile watoto wakitazama kwa kile cha 4 hawaoni kitu, ni giza na kutetemeka tu, na darubini imewekwa juu ya kabati. Sasa mchuuzi mmoja amewaambia anaweza kuagiza kioo kingine. Anawashauri wachukue kile chenye nguvu kuliko vyote, pamoja na kipande cha kuzidisha mara 3.

Wamama wamegawanyika. Wengine wanasema: kwa kuwa tunatoa dola, tutoe kwa kitu chenye nguvu. Wengine wanasema: darubini hiyo imekufa, afadhali dola hizo zinunue makaye na biki. Wameniuliza nani ana haki.

Nitajibu mapema, kisha nitaeleza. Darubini yenu haijakufa. Inakosa kioo kimoja tu, na kioo hicho si kile mnachouziwa. Kinachokuza sana ndicho kitakachowarudisha kwenye giza lilelile. Na kabla ya kutoa hata franka moja, mnaweza kuijaribu darubini bure, usiku mmoja, kwa kitu ambacho hapa kwetu hakikosekani.

Kioo cha jicho ni lupu

Hapa Mubi na Njingala wengi wetu tunaijua lupu. Ni kile kioo kidogo ambacho wanunuzi wa madini wanaweka kwenye jicho wakitazama punje ya dhahabu au ya kasiterite. Basi ukiielewa lupu, umekwisha kuielewa darubini.

Darubini ya namna hii inafanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza, kioo kikubwa cha mbele kinakusanya mwanga na kutengeneza picha ndogo upande wa nyuma wa mrija. Pili, kioo cha jicho, ambacho walimu wa fizikia wanakiita okulere, kinakuza picha ile ndogo ili jicho liione vizuri. Hicho kioo cha jicho ni lupu na si kitu kingine.

Mnaweza kuwaonyesha watoto jambo hili bila kusoma kitabu. Usiku wa mwezi, elekezeni darubini kwenye mwezi, toeni kioo cha jicho, kisha shikeni karatasi nyembamba nyeupe nyuma ya tundu. Isogezeni polepole mbele na nyuma. Mahali fulani mtaona picha ya mwezi juu ya karatasi, ndogo kama punje ya mahindi. Kwa darubini yenye urefu wa milimita 700, picha hiyo ina upana wa milimita 6 hivi. Watoto wa sekondari wanaochora vioo hivi kwenye kaye mwaka mzima watafurahi kuona kwamba mistari ile ya mwalimu ina kitu cha kweli ndani yake. (Fanyeni hivyo kwa mwezi tu. Juu ya jua nitasema hapa chini.)

Sasa lile jaribio la bure. Azimeni lupu kwa mnunuzi wa madini mnayemwamini. Lupu nyingi zimeandikwa 10x, maana yake zinakuza mara 10, na lupu ya mara 10 ni sawa na kioo cha jicho cha milimita 25. Mtu mmoja aishike lupu nyuma ya tundu la darubini, jicho karibu na lupu, na mwingine azungushe polepole kile kifundo cha kusogeza mrija mpaka picha iwe safi. Mkiona mwezi wenye mabonde na mashimo, kioo kikubwa cha mbele ni kizima na darubini inafaa kununuliwa kioo. Mkiona ukungu kila mnapojaribu, ingawa mbingu ni safi, basi shida iko mbele, na dola zenu zibaki kwenye kasha.

Msishangae picha ikiwa imegeuka juu chini. Ndivyo darubini za nyota zilivyo.

Hesabu ya mtoto wa shule ya msingi

Kwenye mrija wa darubini mtakuta namba mbili. Moja inaonyesha upana wa kioo cha mbele, mara nyingi D=60 mm. Nyingine inaonyesha urefu ambao kioo hicho kinahitaji ili kutengeneza picha yake, mara nyingi F=700 mm. Ili kujua kioo cha jicho kitakuza mara ngapi, gawanya ile F kwa namba ya kioo cha jicho.

700 kugawanya kwa 20 ni 35.
700 kugawanya kwa 10 ni 70.
700 kugawanya kwa 4 ni 175.

Namba ya kioo cha jicho ikiwa ndogo, ukuzaji unakuwa mkubwa. Wengi wanachanganyikiwa hapo: wanadhani 20 ina nguvu kuliko 4, kumbe ni kinyume.

Ukiweka kipande cha kuzidisha mara 3 pamoja na kile kioo cha 4, unapata 175 mara 3, yaani 525. Ndiyo maana kwenye katoni nyingi za darubini hizi imeandikwa kwa herufi kubwa: mara 525. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini macho hayataona faida yake, kwa sababu kioo cha mbele ni cha milimita 60 tu.

Wanaojua kazi hii wana kanuni moja rahisi: kila milimita ya upana wa kioo cha mbele inaweza kubeba ukuzaji wa mara 2, na si zaidi. Milimita 60 inabeba mara 120, na hapo ni usiku mzuri, hewa imetulia. Ukipita hapo picha inaongezeka ukubwa, lakini hakuna kitu kipya kinachoonekana ndani yake. Ni kama kuitazama picha ya gazeti kwa lupu: unaona vidoa vya wino, huoni uso vizuri zaidi.

Jambo la pili ni mwanga. Kioo cha mbele kinakusanya kiasi fulani tu cha mwanga, na kioo cha jicho hakiwezi kukiongeza. Fikirieni kijiko kimoja cha mawese. Katika sufuria ya familia, sombe inapata rangi na ladha. Kijiko hicho hicho katika sufuria kubwa ya matanga, hakuna atakayejua kama kilitiwa. Mwanga uko vivyo hivyo. Ukikuza mara mbili zaidi, mwanga uleule unatandazwa mahali pakubwa mara nne. Kutoka mara 35 hadi mara 175, mnakuwa mmeupunguza mara 25. Ndiyo lile giza walilolikuta watoto wenu. Hawakukosa akili wala macho yao hayana shida.

Tena kuna mtetemeko. Miguu ya darubini hizi ni myepesi. Kioo kinachokuza mara 175 kinakuza pia kila mguso wa kidole na kila upepo mara 175.

Waliotangulia walitumia kidogo

Kama mnadhani mara 35 ni kidogo, sikilizeni. Januari 1610, Galileo wa Italia aliona miezi minne inayozunguka sayari ya Jupita. Darubini yake ilikuza mara 20 hivi. Alichokiona kilibadilisha mawazo ya dunia nzima. Kioo chenu cha 20 kilichopasuka kilikuza zaidi ya hapo.

Galileo huyohuyo alipotazama Zohali, ile sayari ambayo vitabu vyetu vya Kifaransa vinaiita Saturne, aliona kitu kama masikio pembeni yake na hakuelewa ni nini. Mwaka 1655, Christiaan Huygens wa Uholanzi alitumia darubini iliyokuza mara 50 hivi akagundua mwezi mkubwa wa Zohali, na mwaka 1659 akaandika kwamba yale masikio ni pete. Basi kwa mara 20 pete haijulikani, kwa mara 50 inajulikana. Kioo cha jicho cha 10 kinawapa ninyi mara 70.

Na karibu na wakati wetu: mwaka 2009 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, na wataalamu walibuni darubini ya bei ndogo kwa ajili ya watoto wa shule duniani, wakaiita Galileoscope. Kioo chake cha mbele kina milimita 50. Wale wataalamu walichagua ukuzaji wa mara 25, na mara 50 kwa anayetaka zaidi. Watu wanaojua mbingu kuliko sisi wote, wakitaka mtoto afurahi, hawakuandika 525.

Vioo viwili vinatosha

Kwa darubini ya F=700 na D=60, nashauri vioo viwili kwa jumla, tena kwa mpango huu.

Cha kwanza ni cha 20 au 25. Hiki ndicho cha kununua sasa. Kinakuza mara 35 au mara 28. Kwa hicho mwezi unaingia wote ndani ya duara moja, pamoja na mashimo na milima yake. Miezi minne ya Jupita inaonekana kama vinyota vidogo vilivyopangwa karibu kwenye mstari mmoja, na kesho yake watoto watakuta imebadilisha nafasi. Kile kifungu cha nyota ambacho Waswahili wanakiita Kilimia, kwa kuwa kilionyesha majira ya kulima, kinaingia karibu chote kwenye kioo cha 25. Kwa kioo cha nguvu hakiingii, unaona nyota mbili tatu tu. Mwezi wa kwanza, saa moja ya usiku, Kilimia iko juu, imeinama kidogo upande wa kaskazini.

Cha pili ni cha 10 au 12. Hiki ni kwa mwaka ujao, kikundi kikiona kwamba watoto bado wana hamu. Kitawaonyesha pete ya Zohali, na mashimo ya mwezi kwa karibu zaidi.

Kile cha 4 mlicho nacho kiwekeni tu, msikitupe. Kile cha kuzidisha mara 3, msikinunue.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua cha 20, na mama yeyote aliyewahi kupanga watoto thelathini kwenye mstari ataielewa. Dunia inazunguka, na kitu unachokitazama kinatembea na kutoka kwenye kioo. Kwa kioo kizuri cha 20, nyota inachukua dakika 5 na zaidi kupita kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kwa kile cha 4 inapita kwa muda usiofika dakika moja. Maana yake, mtoto wa kwanza akimaliza kutazama, wa pili anakuta tupu, na ninyi mnaanza kutafuta upya. Mtoto mdogo wa mwisho kwenye mstari ndiye anayerudi nyumbani bila kuona.

Kabla ya kulipa

Chukueni rula ya mtoto. Pimeni upana wa tundu ambamo kioo cha jicho kinaingia. Kuna vipimo viwili vya kawaida: milimita 24.5, kwa darubini ndogo za zamani na za bei ya chini, na milimita 31.7, kwa nyingi za sasa. Kioo cha kipimo kimoja hakikai kwenye tundu la kipimo kingine bila kipande cha kuunganisha. Mwandikieni mchuuzi kipimo hicho kwenye karatasi. Akileta kingine, asipewe fedha.

Kisha tazameni herufi iliyo kabla ya namba. H ni ya Huygens, yuleyule wa pete za Zohali. Ni muundo wa zamani wenye vioo viwili ndani. Unafanya kazi, lakini unaonyesha mahali padogo, na pembeni picha inaharibika. SR ni wa aina ya zamani pia, ndio unaoandikwa mara nyingi kwenye kile cha 4. K ni ya Kellner, una vioo vitatu na ni mzuri kwa bei yake. PL, au neno Plössl, ni muundo wa vioo vinne uliobuniwa na fundi wa Vienna mwaka 1860, na mpaka leo ndio ninaoushauri kwa shule na kwa familia. Huko vinakotoka, Plössl ya kawaida huuzwa kati ya dola 20 na 40, bila gari, ndege wala pikipiki ya kuifikisha hapa. Mchuuzi akitaja bei iliyopita hapo sana, mwombeni aeleze safari imekula ngapi.

Jambo moja ambalo wenzetu wa Ulaya hawalihitaji sana kama sisi: kipande chenye kioo cha kupindisha mwanga, kinachoingia kati ya mrija na kioo cha jicho, ili utazame kwa kuinama badala ya kulala chini. Sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Mwezi na sayari zinapita juu ya utosi wetu, na darubini ikielekea juu, kioo cha jicho kinabaki chini karibu na ardhi. Kama kipande hicho kilikuwemo kwenye katoni, kitafuteni. Kama kilipotea, kipeni nafasi ya pili, kabla ya kioo cha 10. Shingo ya mama mjamzito au ya bibi haitakubali kutazama bila hicho.

Wamama wanaovaa miwani wasijitenge. Kama miwani yako ni ya kuona mbali au karibu tu, ivue na uzungushe kifundo mpaka uone safi. Kwa kioo cha 20 unaweza hata kuiacha, kwa sababu jicho halilazimiki kubanwa kwenye kioo. Kwa kile cha 4 unabanwa mpaka kope zinagusa.

Mambo manne ya usalama

La kwanza ni jua. Asitokee mtoto wala mkubwa wa kuelekeza darubini kwenye jua. Kioo cha mbele kinakusanya joto la jua kama kinavyokusanya mwanga wa mwezi, na jicho linaungua ndani mara moja, bila maumivu ya kukuonya. Darubini nyingine zinakuja na kioo cheusi kidogo kilichoandikwa SUN, cha kufungwa kwenye kioo cha jicho. Joto linaweza kukipasua mtu akiwa anatazama. Mkikikuta kwenye katoni yenu, kipondeni kwa jiwe mkitupe chooni. Mchana darubini ikae ndani, imefunikwa mbele. Ikiwa mnasahau mengine yote ya ukurasa huu, hili msilisahau.

La pili ni ugonjwa wa macho mekundu. Watoto wakipokezana kioo kimoja, ugonjwa unapita kutoka jicho hadi jicho kwa jioni moja. Mtoto mwenye macho mekundu au yanayotoa uchafu asubiri siku nyingine. Wengine wanawe mikono kwanza na wasiguse kioo. Hapo tena kioo cha 20 kinawasaidia, kwa kuwa mtu anaona bila kukigusa.

La tatu ni unyevu. Msitu wetu una mvua nyingi, na kioo kilichofungiwa na unyevu kinaota ukungu unaotambaa kama utando wa buibui. Ukishaota, hautoki wote. Hifadhini vioo ndani ya chupa au bakuli lenye kifuniko kigumu, pamoja na vile vifuko vidogo vya punje vinavyokuja ndani ya katoni za viatu vipya. Kabla ya kufunga, acheni vioo vikauke ndani ya nyumba. Vumbi mliondoe kwa kupuliza au kwa brashi laini. Msifute kwa ncha ya kikwembe, maana mchanga uliomo unachora mistari. Wala msiruhusu kijana fundi akifungue aone kilichomo: vile vioo vinne vikirudishwa kwa mpango mwingine, kazi imekwisha.

La nne mnalijua kuliko mimi. Mrija mrefu juu ya miguu mitatu, usiku, unaweza kudhaniwa kuwa silaha. Kabla ya jioni ya kwanza, mwambieni chefu wa kartie, mumwonyeshe darubini mchana, na mumwombe awaarifu wanaolinda usalama. Fanyeni ndani ya ua, si barabarani, taa ndogo ikiwa imewaka karibu. Siku ambayo habari si nzuri, darubini ibaki ndani. Mwezi hautapotea. Na kwa bahati njema, kwetu giza linaingia mapema mwaka mzima. Saa moja ya usiku mnaanza, saa mbili kila mtoto yuko kwao.

Jioni ya kwanza

Msianze kwa mwezi mpevu. Watu wanadhani ndio mzuri, lakini mwanga unaupiga uso kwa uso na vivuli havipo. Hesabuni siku saba tangu mwezi mwandamo uonekane. Siku ile nusu yake inawaka, na jua likizama uko juu kabisa kichwani. Kwenye mstari kati ya mwanga na giza mtaona mashimo na milima yenye vivuli virefu.

Waambieni watoto mapema kwamba picha za rangi zilizochorwa kwenye katoni zilipigwa na mitambo mikubwa mno. Wao wataona kijivu na njano hafifu. Mtoto aliyeambiwa ukweli mapema anafurahi, aliyeahidiwa rangi anasikitika. Kila mmoja achore kwenye karatasi alichokiona, na kikundi kizitunze karatasi hizo kwa tarehe.

Wasichana wawe mbele ya mstari, si nyuma. Kule Kenya, Susan Murabana na mume wake Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope, na mama huyo amezunguka na darubini shuleni na vijijini ili watoto waone kwa macho yao. Mwanamke wa Afrika ya Mashariki akishika darubini si jambo geni tena. Hata hapa Mubi lisiwe geni.

Jibu langu kwa kikundi

Sasa nirudi kwenye mabishano yenu. Wale wa makaye wana haki katika jambo moja: fedha iliyokwisha kupangwa kwa ajili ya makaye isiguswe. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini kaye mzazi ananunua mwenyewe, na mtoto bila kaye hasomi. Darubini isimnyime.

Wale wanaotaka kununua nao wana haki katika lingine: chombo kizima kisilale juu ya kabati kwa kukosa kipande kimoja. Basi fanyeni mchango wa pembeni, kidogo kidogo, nje ya kasha la kawaida, na uandikwe kwenye daftari la kikundi kama michango mingine. Kwanza jaribio la lupu. Likienda vizuri, pimeni tundu, kisha mwagizeni mchuuzi kioo kimoja: Plössl au Kellner, cha 20 au 25, cha kipimo chenu. Kipande cha mara 3 abaki nacho.

Na mchuuzi akiwaambia kwamba kioo hicho ni dhaifu, mwonyesheni hesabu. Mtoto wa mwaka wa tano anaweza kumfanyia mbele yake.

Mwenye swali kuhusu masomo ya watoto amwachie mwandishi wa kikundi chake kwenye karatasi, litanifikia. Juma lijalo tutazungumza juu ya mtoto anayekaa mbele kabisa darasani na bado analalamika haoni ubao: namna ya kumjaribu macho nyumbani, kabla ya kumwita mvivu.

Mwalimu wenu